Kitufe cha Dirisha la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Kiuno kinauma. Shingo pia. Leo nimefungua dirisha la nyuma la pikapu mara kumi na nne. Nilibeba makochi, na mwenye makochi alikaa nyuma nayo, na kila baada ya kona alikuwa na la kusema. Kila mara nasimama pembeni, najipinda mpaka mbavu zinalia, nabana kile kikomeo kwa vidole viwili, nasukuma kioo. Kioo chenyewe kinakwama katikati. Kumbe alitaka kuniambia mvua inaweza kunyesha.

Nimerudi kijiweni nimechoka. Bwana Kitufe yupo. Hilo si jina lake, nimempa mimi. Pikapu yake ina dirisha la nyuma linalofunguka kwa kitufe, ilitoka nalo kiwandani. Hukibonyeza hata akiwa peke yake. Zzzz, limefunguka. Zzzz, limefungwa. Leo kabonyeza mara sita huku akinitazama. Nilijifanya nasoma gazeti. Gazeti lenyewe la mwaka juzi.

Habari kubwa ni hii. Mama Mayai, mwenye mabanda ya kuku kule mlimani, anatafuta pikapu ya kubeba mayai kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Atamjaribu Bwana Kitufe Ijumaa, mimi Jumamosi. Yeye hukaa mbele na dereva. Mumewe hukaa nyuma akishikilia trei. Nasikia huzungumza njia nzima kupitia dirisha la nyuma, yaani mama huzungumza na mzee huitikia. Mwenye macho haambiwi tazama. Kazi ni ya mwenye dirisha jepesi!

Lazima niipate. Mke wangu ameshatamka: pikapu isipopata kazi ya kudumu mwezi huu, inauzwa. Na mnunuzi ni nani? Bwana Kitufe. Anaitaka kwa vipuri. Miaka kumi na tisa nipo nayo, halafu nione mlango wake kwenye gari la mtu mwingine! Nimekula chakula cha jioni bila hamu. Nilikimaliza, lakini bila hamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata mota ya kioo cha mlango, imetoka kwenye gari lililokufa, pamoja na swichi yake. Upande mmoja fungua, upande mwingine funga. Muuzaji alikuwa mkweli. Alisema springi ya swichi imekufa, ukiibonyeza upande mmoja inabaki hukohuko. Nikamwambia hata mimi nikikaa mahali nabaki hapohapo, na bado natumika.

Akanishauri niende kwa fundi umeme. Fundi umeme! Ndiye huyohuyo anayemtengenezea Bwana Kitufe. Siri ingefika kijiweni kabla yangu. Halafu yule fundi ana tabia ya kucheka kabla hujamaliza kueleza.

Nyumbani mke wangu akaitazama mota, akanitazama mimi. Akauliza kwa nini nisilainishe tu reli ya kioo kwa mafuta ya cherehani. Kopo lipo kabatini. Nikamjibu kwamba watu hawashindi zabuni kwa mafuta ya cherehani. Akasema sawa. Anaposema sawa kwa sauti ile, mimi huwa naondoka chumbani.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima nipo ndani ya pikapu, magoti kidevuni. Nimeng'oa kiti. Nimeng'oa kikomeo, nikakitupa, kwa kuwa zama zake zimekwisha. Mota nimeifunga nyuma ya kiti. Kioo nakivuta kwa waya wa breki ya baiskeli uliopita kwenye magurudumu mawili madogo ya pazia. Pazia la chumbani kwa sasa linasukumwa kwa fimbo.

Likabaki suala la umeme. Betri iko mbele. Kupitisha waya mpaka kule ni lazima nitambae chini ya dashibodi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakuwa na kiuno changu. Nikatazama karibu. Nyuma ya kiti kuna fungu la nyaya zinazokwenda kwenye taa za nyuma. Umeme ni umeme!

Nikamwita mke wangu akae kwenye usukani akanyage breki, kwa sababu breki ya mkono imechoka kama mwenyewe na uwanja wetu una mteremko. Nikajaribu nyaya moja moja kwa kibalbu. Kwenye wa nne kikawaka. Nikaunga hapohapo, nikafunga kwa utepe, nikamwambia abonyeze. Zzzz! Kioo kikateleza wazi. Nilikaribia kulia, nasema kweli.

Mke wangu akarudi jikoni. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikabonyeza mwenyewe. Kimya. Nikamwita, akakaa, likafanya kazi. Akaondoka, likagoma. Mara tatu hivyo. Akauliza kama sitaki kujua kwa nini. Nikamwambia kifaa kipya huhitaji kuzoeana na watu. Akasema sawa. Nikaondoka mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo zamu ya Bwana Kitufe. Nimeshinda kijiweni kusubiri matokeo, bila kula.

Mungu mkubwa. Amevunja trei mbili nzima! Alitaka kuonyesha kwamba gari lake lina nguvu, akaruka matuta yote ya barabara ya mlimani. Dirisha lake lilifunguka vizuri sana, na kupitia hilohilo dirisha Mama Mayai akaona ute unatiririka kwenye suruali ya mumewe. Aliteremka papo hapo. Bwana Kitufe anadai mayai yalitoka kwa kuku yakiwa na nyufa. Nilimpa pole. Nilikwenda nyuma ya kibanda kucheka, nikarudi nikampa pole tena.

Jioni nimejaribu dirisha langu langoni, injini inanguruma, mguu kwenye breki. Limefunguka. Limefungwa. Limefunguka. Limenizoea.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nitaandika kidogo. Hapana, nitaandika yote.

Nilifika mabandani saa moja asubuhi, shati jeupe. Trei arobaini zikapangwa. Mzee akapanda nyuma, mtu mkubwa, mpole, ana masikio mapana. Mama akakaa mbele, mkoba mapajani. Nikiwa bado nimekanyaga breki, nikabonyeza kitufe mbele ya macho yake. Zzzz. Nikasubiri sifa. Akauliza kama najua kuwa mkanda wake haufungi.

Tukaondoka. Njia ya juu ni tambarare, na vumbi likaanza kuingia. Nikabonyeza funga. Kimya. Nikajisemea linafikiri. Kitufe kikabaki upande wa kufunga, na dirisha likabaki wazi. Mama alikuwa akimweleza mzee habari za bati la banda la tatu. Mzee akaingiza kichwa ili asikie vizuri na kutuambia kuwa trei za kushoto zinaegemea. Ndipo nikaona tuta la kwanza. Nililiona kwa kuchelewa. Nikakanyaga breki.

Zzzz.

Kioo kikaja na kumbana mzee shingoni, kichwa kikiwa kwetu, mwili ukiwa kwa mayai. Hakuumia, mota yenyewe haina nguvu hizo. Lakini masikio yalimzuia kurudi alikotoka. Nikaegesha, nikavuta breki ya mkono, nikashuka kutia mawe kwenye matairi. Nikarudi, nikaegemea dirisha la mlango wa dereva, nikabonyeza fungua. Kimya. Nikabonyeza tena kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa dua. Nikazunguka nyuma nikavuta kioo kwa mikono, waya wa baiskeli ukakataa. Kikomeo nilishakitupa. Jasho likanitoka mpaka shati likawa la rangi nyingine.

Mama Mayai hakupiga kelele. Alimtazama mumewe kwa muda, uso kwa uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mzee hana pa kwenda. Akafungua mkoba, akatoa pipi, akamlisha moja. Kisha akaanza. Bati la banda la tatu aliloahidi tangu mwaka jana. Mdogo wake aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi tisa. Siku ile ya mazishi aliposema anakwenda kununua maji, akarudi kesho yake. Mzee akawa anaitikia tu. Alikuwa ananitazama mimi. Macho yale sitayasahau.

Nikampigia mke wangu simu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nami nikajikaza kisabuni nikasema kuna tatizo dogo. Akaja kwa pikipiki ya kukodi, mafuta ya kula bado yako mikononi. Akamwamkia mama, akamwamkia mzee kwa heshima zote, kana kwamba kila siku anakutana na kichwa cha mtu pale. Akapanda kwenye usukani. Akakanyaga breki, kama alivyozoea. Akabonyeza fungua. Zzzz.

Mzee alitoka taratibu, akakaa chini kando ya barabara. Mke wangu akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga, akaachia. Akateremka akafuata waya wa mota mpaka kwenye nyaya za taa za nyuma. Kisha akaja karibu yangu, akasema polepole ili wengine wasisikie.

"Uliunga kwenye waya wa taa za breki, mume wangu. Dirisha lako linapata umeme ukikanyaga breki tu."

Nikamwambia nililishuku jambo hilo. Akasema sawa.

Mama Mayai akasema mimi sitagusa tena usukani akiwa ndani. Mke wangu akaendesha mpaka sokoni. Mimi nikakaa nyuma na mzee. Tukashikilia trei. Matuta kumi na moja, akayapita yote kama anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala. Mayai manne tu yalivunjika, na yote ni ya tuta langu.

Nimechoka. Sijui kama nimewahi kuchoka hivi. Pikapu iko uwanjani, naiona kutoka hapa nilipo. Nimeifuta vumbi la kioo cha mbele, kama inauzwa basi iuzwe ikiwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Bwana Kitufe amekuja nyumbani na futi kamba. Anapima mlango. Ameniuliza, kwa huruma ya kinafiki, kama ni kweli nilimfunga mteja shingo. Nikamwambia ni maneno ya watu. Akataka kujua kama mota namwachia. Nimeingia ndani nikalala, mchana kweupe.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mayai amekuja mwenyewe, na mzee. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nilikuwa nimeandika hotuba kabisa. Akanipita mlangoni. Amemfuata mke wangu.

Anamtaka yeye. Kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima, kwa pikapu yetu! Mke wangu akasema atafikiri, akafikiri muda wa kumimina chai, akakubali. Kuna masharti. Mota ing'olewe. Mzee amesema hatakaa nyuma tena maisha yake yote, atabaki nyumbani kuezeka bati la banda la tatu. Kwa hiyo anahitajika mtu wa kushikilia trei. Wote wanne tuliokuwemo sebuleni tukaanza kutazama sakafu, kisha watatu wakanitazama mimi.

Nikaona niseme kidogo kuhusu dirisha, jinsi lilivyokuwa wazo zuri lenye kasoro ndogo ya waya. Mama Mayai akanikatiza, bila ukali.

"Dereva, mimi sikutafuta dirisha. Nilitafuta mtu anayeliona tuta kabla hajafika juu yake."

Mzee akanipa mkono wakati wa kuondoka. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba bati si kazi mbaya, ukiwa juu ya paa husikii vizuri.

Mke wangu ameng'oa mota mwenyewe. Kioo amekipaka mafuta ya cherehani. Kinasukumwa kwa kidole kimoja. Jioni alipodhani sioni, alikuwa ameegemea pikapu, ameweka mkono juu ya boneti. Hakunicheka hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Safari ya kwanza. Nimekaa nyuma, trei arobaini, upepo, vumbi, kiuno. Mbele wanawake wawili wanacheka njia nzima. Niligonga kioo mara mbili kuwaambia kuna tuta. Mke wangu alikuwa ameshaliona. Mara ya tatu Mama Mayai akasukuma kioo kwa kidole, akanipa pipi, akafunga.

Hakuna yai lililovunjika. Bwana Kitufe alituona tukipita kijiweni. Nilimpungia mkono kutoka katikati ya mayai, kwa hadhi.

Nimekaa kule nyuma nikitafakari, na ukweli ni lazima uandikwe mahali. Pikapu imesalimika. Kazi ya mwaka mzima imepatikana. Na imepatikana kwa sababu ya nini? Bila dirisha langu mzee asingebanwa. Asingebanwa, mke wangu asingeitwa. Asingeitwa, nani angejua kwamba anayaona matuta? Watu hawana shukrani, lakini mimi nimeridhika.

Mota ni nzima, niliiokota kabla haijatupwa. Nayo haiwezi kukaa bure. Mlango wa nyuma wa pikapu, huu ninaouegemea mimi na trei zangu, ni mzito mno kuufungua kwa mkono kila tunapofika sokoni. Kitufe kimoja tu. Nimechungulia leo tuliposimama: kuna waya unapita jirani yake kabisa, ule wa taa ya kukatia kona kulia. Kutoka mabandani mpaka sokoni tunakata kona kulia mara tisa, kwa hiyo umeme hautakosekana. Mke wangu sijamwambia. Nataka iwe zawadi, Ijumaa, mzigo ukiwa umejaa.