Malalamiko Kuhusu Bao la Masha Kukataa Kuhama

Kwa mlamu wangu Dena,
Kibarani, Kilifi.

Ni mimi Kache, mjane wa kakako Masha. Mzima. Kokoto bado navunja. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu wanichekesha, halafu nasahau kukasirika.

Wewe na wazee mwataka nitoke Junju nije nikae kwako. Nilisema nitahama siku bao la Masha litakapohama. Basi haya ndiyo malalamiko.

1. Bao hilo la kompyuta ulilitengeneza wewe. Ulikaa na Masha ukimwuliza hapa angecheza vipi, pale angecheza vipi, ukaingiza yote. Sasa hayuko, lakini nikitoka timboni nacheza naye. Ananifunga. Namtukana. Nalala vizuri. Kompyuta yenyewe imezeeka, imejaa vumbi la mawe, ukiisogeza inazima. Kibarani haifiki.

2. Ukaniletea mpya, nyembamba. Ukalitia bao kwa flashi, ukaliweka, ukaondoka ukipiga mluzi. Nafungua, yasema kuna kitu kimekosekana. Nakupigia, ndiyo waniambia programu haifanyi kazi peke yake, ina wasaidizi wake kule ilikotoka, mwawaita laibrari. Dena. Mimi nilipoolewa kutoka Kaloleni nilisindikizwa na mashangazi gari zima, na nilikuwa naenda kupika tu. Wewe umemhamisha kakako bila hata mmoja wa kumshika mkono.

3. Ukatuma msaidizi. Bao likamkubali, likaitisha mwingine. Ukatuma huyo. Likasema huyu ni mpya mno, lataka yule wa zamani. Hapo sikulilaumu. Masha naye ukimbadilishia kikombe, chai hanywi.

4. Nikakwambia liandike upya. Ukasema maandishi ya mwanzo yalienda na laptopu uliyoibiwa. Limebaki lile lililokwisha geuzwa lugha ya mashine, na halirudi nyuma, kama sima isivyorudi unga. Mlamu, ulisonga sima yote hukuacha hata kibaba cha unga? Mamako angekuwa hai angekuchapa, na mimi ningemshikia fimbo.

5. Sasa pima mwenyewe. Kitu kisichokula, kisichoumwa mgongo, kinachoenea kwenye flashi ya ukubwa wa kidole, kuhama kimekushinda. Mimi je? Mimi nina kuku. Nina kaburi la kupalilia. Nina jirani Hannah, nikikohoa ajua nataka nini. Hao ndio laibrari zangu. Utanitumia mmoja mmoja kwa simu? Hannah ni mnene, haingii.

6. Na nikifika kwako nikaanza kuitisha watu, utaniambia nimekwama. Utanizima, uniwashe.

Kwa hivyo naomba mambo mawili, chagua moja. Ama uihamishe Junju yote uilete hapo Kibarani, na timbo lake, na vumbi lake. Ama uniache nilipo, na hao wazee uwaambie Kache haendani na nyumba yako.

Msalimie Emily mkeo, na watoto, na yule mbuzi wenu anayekula nguo. Hannah akusalimu sana. Hajui kama nimemtaja.

Ni mimi ninayelalamika,
Kache wa Masha,
Junju.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua nimemjaribu yule msaidizi wa zamani uliyemtuma jana. Bao limefunguka. Nilidhani litacheza kigeni. Likaniacha nile kete nifurahi, kisha likanisafisha safu ya mbele yote. Ni yeye. Nimemtukana mpaka Hannah akaja kuuliza kuna nini. Kama yeye amekubali kukaa kwenye hiyo nyembamba, mimi ni nani nikatae. Njoo Jumamosi na gari. Chumba chetu kiwe mbali na cha watoto. Nikifungwa sina maneno mazuri.