Alhamdulillahi Ni Ngapi?

Jumapili, 13 Oktoba
Nimepewa hojaji mia moja. Mia! Nyumba zote za upande wa kulia wa Mtaa wa Mafundi Viatu, hapa Shubra, Kairo. Upande wa kushoto kapewa karani mwenzangu, Wagdi.

Dokta Inayat, mkuu wetu wa ofisi ya takwimu, ametuhutubia. Neno la mtu mmoja ni hadithi, kasema. Maneno ya watu mia mbili yakigeuzwa tarakimu ni ushahidi. Tarakimu haina shangazi wa kupendelea, haimwonei mtu haya. Roho ya kazi ni swali la saba: umeridhika kiasi gani na maisha ya mtaani, moja hadi tano? Upande wenye alama za chini ndio utakaotengenezewa pampu za maji.

Nikimaliza kufikia Jumatano, naajiriwa moja kwa moja. Nisipomaliza, narudi kuuza soksi kwa mjomba.

Wagdi, akitafuna mbegu za maboga, kasema mimi nikibisha hodi nitauomba mlango radhi.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nyumba ya kwanza: Mama Saber, ghorofa ya nne. Nilibisha. Niliuomba mlango radhi, lakini kimoyomoyo.

Swali la saba. Akajibu, “Alhamdulillahi.” Nikauliza kwa adabu: ni nne au tano? Akanikazia macho. “Mwanangu, unataka nimpe Mungu alama kama mtoto wa shule?” Kisha akanieleza: pampu imekufa tangu Ramadhani, anapandisha ndoo ngazi themanini, goti limevimba. Nikarudia swali. Alhamdulillahi! Sehemu ya malalamiko haimo kwenye fomu. Nikayaacha hewani.

Hakuniachia niondoke kabla sijala sahani mbili za majani ya kabichi yaliyojazwa wali.

Nyumba ya pili, Alhamdulillahi. Mkahawani, wanaume saba waliitikia kwa pamoja kama kwaya. Siku nzima: hojaji tatu. Tumbo limejaa, fomu tupu.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimepata akili! Mtu anayemshukuru Mungu ameridhika. Aliyeridhika kabisa ni tano. Basi Alhamdulillahi ni tano. Na kwa kuwa mtaa mzima husema Alhamdulillahi, kuna haja gani ya kupanda ngazi?

Nimekaa mkahawani nikajaza tisini na saba. Kwa maswali mengine nimerusha kete zenye nukta za wachezaji wa tavla, ule mchezo wa ubao. Sita ikitokea, narusha tena. Mimi ni mtu mwangalifu.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimekabidhi. Wagdi naye kakabidhi, na viatu vyake havikuwa na vumbi la ngazi hata chembe. Nilishuku.

Matokeo: upande wangu ndio wenye furaha kuliko mitaa yote ya Kairo. Upande wa Wagdi, hatua kumi tu kuvuka barabara, unazama katika huzuni: mbili kamili! Dokta Inayat karibu alie kwa furaha. Ameandika kurasa sita kuthibitisha kuwa kinachotofautisha pande hizi ni jua la asubuhi.

Nilimbana Wagdi ngazini. Kakiri: kaamua Alhamdulillahi ni mbili, maana mama yake huisema akiwa na homa. Mshenzi! Angalau mimi nilikula kabichi.

Pampu zote zinakwenda kushoto.

Alhamisi, 17 Oktoba
Balaa. Dokta Inayat kataka kuona furaha kwa macho yake. Tumepanda ngazi themanini. Nilizihesabu, nilitamani ziwe mia nane.

Mama Saber kafungua, ndoo mkononi. Akaulizwa hali. Alhamdulillahi! Nikapumua. Kisha akanisonta kidole: “Huyu nilimwambia habari ya pampu. Fundi yuko wapi? Au mmekuja kula tena?”

Dokta akaishika ile ndoo, akaipima uzito. Akashuka. Chini kabisa ndipo aliposema: ushahidi wa tarakimu una nguvu ya ng'ombe, lakini ng'ombe haoni jembe alilofungwa linalima wapi. Orodha ya pampu imesimamishwa. Kurasa sita zimechanwa. Mimi na Wagdi tumepewa wiki moja: nyumba zote upya, mlango kwa mlango, na fomu mpya zina nafasi ya kuandika “kwa nini”.

Soksi zinanukia.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimepanda. Kwa miguu yangu, kwa hofu yangu. Kabla sijafungua mdomo, Mama Saber kaniuliza mimi: u hali gani?

Nikasema, “Alhamdulillahi.”

Akanivuta ndani. “Maskini! Ni mbaya kiasi hicho?” Akaniketisha, akaleta sahani. Nilimweleza habari ya mjomba na soksi, hata nikalia kidogo. Alijua kila kitu kwa neno moja, bila fomu. Mwanamke wa ajabu.

Hata hivyo, tatizo limekwisha. Mimi na Wagdi tumesikilizana asubuhi, kisomi, bila ugomvi. Pande zote mbili, nyumba zote, Alhamdulillahi ni tatu. Kwenye “kwa nini” tutaandika: jua.

Sasa natafuta kete.