Uzi wa Tatu wa Ukulele

Jumatatu, tarehe 5 Mei
Nimeropoka. Mama wa mchumba wangu, mwalimu wa kwaya, anaagwa kazini Jumamosi. Akiridhika nami, atatangaza hapohapo tarehe ya harusi yetu. Nikasema nitampigia ukulele, kile kigitaa changu cha nyuzi nne. Shemeji, kaka wa mchumba, akauliza huku anacheka kama nitaweka na ile kodi, yaani noti zinazolia kwa pamoja, yenye noti ya tisa, au ni zile kodi tatu za watoto. Nikajibu kwamba hiyo naipiga hata nikiwa napiga mswaki. Sijawahi kuisikia!

Jumanne, tarehe 6
Nimeuliza. Ni kodi ya C ileile ninayoijua, ila unaiongezea noti ya D. Kidole kimoja tu zaidi, kwenye uzi wa tatu. Nimechora ratiba ya mazoezi kwa rula na kalamu nyekundu. Imependeza mno. Saa mbili zimeishia humo.

Jumatano, tarehe 7
Kidole kinalalia uzi wa jirani. Sauti: pwa. Nimekata kucha. Pwa. Nimebadilisha kiti. Pwa! Jirani amegonga ukuta akiuliza kama naziba ndoo. Mchumba amenishauri nisimamishe kidole wima, nirudie polepole. Polepole! Mimi?

Alhamisi, tarehe 8
Nimepata! Badala ya kuubana uzi, nimeukaza kwa kigingi chake kule juu mpaka ukalia D wenyewe. Kidole kimestaafu. Nimeipiga kodi hiyo mara mia moja na kumi na mbili. Tamu! Zile kodi nyingine mbili za wimbo wangu sikuzigusa. Nazijua tangu zamani.

Jumamosi, tarehe 10
Aibu. Kodi ya kwanza: tamu, mama mkwe kafumba macho, shemeji kaacha kutafuna. Kodi ya pili: kilio. Ya tatu: msiba kamili. Kumbe uzi huo nilioukaza umo kwenye kodi zote, na hizo mbili umezigeuza za huzuni! Wimbo wa shangwe ukawa wa mazishi. Nikaongeza kasi uchangamke. Yakawa mazishi yenye haraka. Walimu wawili walitoa leso. Mama mkwe alinivuta pembeni, akasema kwa upole kwamba, baba, kama simtaki binti yake nimwambie tu, nisimlize yeye mama mtu mbele za watu. Tarehe haikutangazwa. Shemeji alinipa pole kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ni mfiwa.

Jumapili, tarehe 11
Mchumba kamtuliza mama yake. Nitasikilizwa tena baada ya wiki mbili, na mchumba mwenyewe atanielekeza kidole hicho, dakika kumi kila siku. Sharti lake ni moja: nisimwahidi mama kitu kingine chochote. Nimekubali kwa moyo wote.
Alipoondoka nikampigia simu mama mkwe. Nimemweleza kwamba asinipime kwa ukulele, si fani yangu hasa. Fani yangu ni saksafoni. Kafurahi jamani! Ameshawaalika na wanakwaya wake wa zamani.
Kesho nitaulizia inapulizwa upande gani.