Mlango wa Kidato cha Tatu

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye mihuri miwili, kwamba kuanzia muhula ule hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kusoma habari za wakimbizi akiwa amekaa vizuri.

Waraka ulitoka kwa Mratibu Mkuu wa Dhamira, mtu mwenye kitambi cha heshima na kalamu kadhaa mfukoni, nyingi zikiwa hazina wino. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba dhamira zilizomo vitabuni zinawafikia wanafunzi zikiwa salama. Mapenzi alishayaratibu. Usaliti aliuratibu kwa semina yenye chakula cha mchana. Sasa ilikuwa zamu ya Kunusurika na Kuhama Makazi, kama zinavyojitokeza katika riwaya ya vita, na safari hii Mratibu alikuwa amepania kwelikweli.

Wapo wenye midomo yao waliosema waraka ule una mama yake na baba yake. Walikumbusha kwamba mwanzoni mwa mwaka jengo la idara, lililokuwa uani pa shule, lilibomolewa ili Mratibu apate pa kuegesha gari, na ni baada ya kubomolewa ndipo ilipogundulika kwamba ofisi yake nayo ilikuwa humo. Basi yeye na karani wake wakahamia chumba cha Kidato cha Tatu, chenye feni mbili na madirisha yanayofungika. Kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umeshakaribia mwaka na haukuonyesha dalili ya kuchoka.

Siku ya kuwatoa wanafunzi, Mratibu alifanya ungwana. Aliwaambia wachukue chochote wanachoweza kubeba. Wakachukua mlango.

Mwalimu wa fasihi aliapa kwamba hakuwatuma. Ila ni kweli wiki ile walikuwa wamefika pale kwenye riwaya ambapo askari wanaingia mtaani, na mama mmoja, badala ya kubeba sufuria au godoro, anaung'oa mlango wa nyumba yake na kuondoka nao mgongoni. Mlango ule unakuwa kitanda, unakuwa meza, unakuwa mtumbwi wa kuvukia mto. Kidato cha Tatu waliona mama yule ana akili. Wakang'oa wa kwao, wakaupaka rangi nyeusi, ukawa ubao.

Mratibu alitundika pazia pale mlango ulipokuwa. Wageni wakiuliza, aliwaambia idara yake inaamini katika uwazi.

Tangu hapo darasa lilihama kama mama wa kitabuni. Walianza ukumbini, wakafukuzwa kwa kelele. Wakaingia stoo ya maabara, wakasoma wakitazamwa na vyura wa kwenye chupa. Mwishowe wakatua nyuma ya tangi la maji, juani, kila daftari na jiwe lake la kuzuia karatasi zisipeperuke. Mara kwa mara mwalimu alikwenda kukohoa mbele ya pazia na kuuliza: mvua zinakaribia na mtihani unakaribia, watoto wataandikia wapi? Kila mara sauti ilitoka ndani, tulivu, chini ya feni mbili:

"Suala lenu linashughulikiwa, Mwalimu. Jisikieni mko nyumbani."

Mambo yangeendelea vizuri hivyo hivyo kama Katibu Mkuu wa wizara hangepata fununu kwamba kuna darasa linasomea nje. Simu ilipigwa kwamba anakuja. Mratibu alihisi feni zote mbili zimesimama. Karani, mtu wa kusema mambo yalivyo, alipendekeza wafungashe.

"Tufungashe twende wapi?" Mratibu aliuliza, na lilikuwa swali zuri, kwa kuwa pa kwenda palikuwa pameegeshwa gari. Alizunguka chumba, akajikuna kisogo, kisha uso ukamng'aa. "Hawa hawako nje, bwana. Hawa wako kwenye vitendo."

Hivyo ndivyo waraka ulivyozaliwa, na ndivyo kukaa nyuma ya tangi kulivyopata jina refu la Mradi Shirikishi wa Kuihisi Dhamira.

Katibu Mkuu alikuwa mama mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na tabia mbaya ya kuwa amesoma vitabu anavyovizungumzia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakataa kiti. Mratibu alisimama kando yake akitabasamu kwa niaba ya idara.

"Haya wanangu," alisema Katibu, "kunusurika ni nini?"

Alisimama msichana waliyemwita Kigoda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kigoda chake kwapani.

"Ni kujua upepo unatoka wapi kabla hujafungua daftari, mama."

"Na kuhama makazi?"

"Ni kuambiwa kwa muda."

Katibu alitikisa kichwa polepole. "Hiyo iko sura ya ngapi?"

Wanafunzi walitazamana. Mratibu, ambaye hakuwahi kukifungua kitabu chenyewe, aliona heri awahi. "Ya nne, Mheshimiwa. Ni sura nzito sana."

"Ya nne wanavuka mto."

"Kwa uzito huo huo, Mheshimiwa."

Katibu aliutazama mlango mweusi ulioegemezwa kwenye tangi, akauliza ni wa nani. Kigoda alijibu kwamba ni wa kwao. Katibu akamgeukia Mratibu na kumsifu: darasa zima limeishi riwaya kwa mwaka mzima, juani, hakuwahi kuona idara inayojituma kiasi hicho. Mratibu alivimba. Kisha akaulizwa mradi unaishia wapi.

Hilo hakuwa ameliandaa. Ulimi ukamtangulia.

"Unaishia na kurejea nyumbani, Mheshimiwa. Kwa utaratibu."

"Lini?"

"Utaratibu ukikamilika."

"Mimi leo nina nafasi," alisema Katibu, akainuka kwenye ndoo. "Kitabuni yule mama anazunguka na mlango wake hadi anazeeka, hapati fremu inayoukubali. Kila nikifika pale naumia. Hebu sisi tujaribu."

Wanafunzi wanne wakaubeba. Wakaujaribu vyooni, ukawa mrefu. Wakaujaribu stoo kwa wale vyura, ukawa mwembamba. Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na mlango wake tayari na mkuu mwenyewe alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Mratibu alifuata nyuma akieleza kwamba kisayansi mbao hupungua, na kwamba kutoenea ndiko kunakofundisha. Msafara ukafika kwenye pazia.

Karani alilishusha bila kuulizwa.

Mlango uliingia kama ulimi kinywani. Mratibu alisikitika kwamba, bahati mbaya, skrubu hazipo. Kigoda akafungua mkebe wake wa hesabu. Zilikuwa humo zote, zimepakwa mafuta zisipate kutu. Mwalimu wa fasihi aligeuka akatazama ukutani kwa muda, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

"Mradi mzuri," alisema Katibu Mkuu, mlango ulipofunguka na kufungwa bila mlio. "Kasoro yake moja: wamefaidi wanafunzi peke yao. Watumishi wa idara hamjaihisi dhamira hata kidogo. Nyuma ya tangi sasa pako wazi, siyo?"

Mratibu alifungua kinywa.

"Kwa muda tu," Katibu alimtuliza. "Na chukueni chochote mnachoweza kubeba."

Karani alibeba birika lake la chai. Mratibu alibabaika, akabeba pazia.

Mchana ule ule upepo ulivuma. Mihuri ilibaki, nyaraka zikaondoka, zikaratibu uwanja mzima. Kisha tone la kwanza la mvua likampata Mratibu kwenye kipara. Alijifunika pazia, akaenda kugonga mlango wa Kidato cha Tatu. Ndani feni zilikuwa zinazunguka.

"Suala lako linashughulikiwa, Mzee," ilijibu sauti ya Kigoda.

Mlango ukafunguka kidogo. Mratibu akasogeza mguu aingie. Ukatoka mkono, ukampa riwaya, na juu ya riwaya jiwe.

"La kukandamizia karatasi," alisema Kigoda. "Pale upepo unatoka kushoto."