Msimamizi Mtarajiwa wa Wafuga Aksolotli

Jumatatu, 2 Juni
Habari njema! Chepchumba, msimamizi wa kundi letu la mtandaoni la wafuga aksolotli, amechoka. Kiti atamwachia mwanachama atakayesaidia watu zaidi wiki hii. Huyo ni mimi. Kasoro ndogo: sina aksolotli. Nauza rangi za nyumba hapa Nakuru. Lakini picha zao nimeziona za kutosha. Mijusi ya majini, vishada kama manyoya kando ya kichwa, uso wa kutabasamu. Ugumu uko wapi?

Jumanne, 3 Juni
Nimejibu watu kumi na tisa. Chepchumba amejibu wawili tu, tena kwa maswali: maji yana joto kiasi gani, umeyapima lini. Anasaidia au anahoji? Mwalimu Cheptanui, mstaafu wa Olenguruone, ameandika kuwa wake hajala siku tatu. Nikajibu mbio: huko kwenu ni baridi, mnyama ni wa Mexico, msogeze karibu na jiko. Nikaongeza kwamba wangu alipona hivyo. Amenishukuru mara mbili!

Alhamisi, 5 Juni
Balaa. Mnyama wa Mwalimu anaelea, vishada vimejikunja. Chepchumba akauliza joto la maji. Ishirini na nane! Kumbe hawa wanataka baridi, kumi na sita, kumi na nane hivi. Si mtu angesema? (Alisema. Maelezo yapo juu kabisa ya kundi. Marefu mno.) Amemwambia Mwalimu ayapoze polepole, kesho amlete kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Nimefuta jibu langu. Watu walikuwa wameshalipiga picha. Watu wa siku hizi!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeenda kwa daktari, Chepchumba naye alikuwapo, nionekane nikisaidia. Nikabeba ndoo tupu. Daktari akasema mnyama alimeza changarawe ya tangi, ndiyo maana hakula, joto likamzidishia. Mwalimu alikuwa ameikumbatia ndoo yake. Akasema tangu mzee wake afariki, huyo ndiye anayemngoja jikoni kila asubuhi. Nikatazama viatu vyangu. Kisha akaniuliza, kwa upole wa darasani:
"Kigen, wako anaitwa nani?"
"Simba."
"Dume au jike?"
"Wa Mexico, Mwalimu."
Chepchumba alicheka mpaka akaketi. Mwalimu hakucheka.

Jumapili, 8 Juni
Changarawe imetoka! Mnyama amekula nyungunyungu mzima. Nimefurahi kweli, Mungu shahidi. Chepchumba ameamua kubaki msimamizi. Sheria mpya: asiyefuga aseme hafugi, asiyejua aseme hajui. Nikaandika kwamba naiunga mkono. Akanitoa kabla sijamaliza sentensi ya pili.

Jumatatu, 9 Juni
Nimejiunga na kundi la wafuga kobe. Watu waungwana sana. Mama mmoja wa Longonot ameuliza kwa nini wake hajatoa kichwa tangu juzi. Nimemwandikia asiwe na wasiwasi, wangu alikuwa hivyo hivyo. Msimamizi wao ni mzee. Naona naye amechokachoka.