Jinsi Nyangumi Ilivyoibwaga Radi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Kikao cha walinzi wa mikorosho, hapa Madimba. Wezi wamezidi, simu hazishiki bondeni, tunanunua redio koli za kuzungumzia. Zimeletwa aina mbili za kujaribu. Mimi natetea Nyangumi: nzito, haiingii maji, betri inakaa na chaji. Mwalimu Gaudensi anataka Radi. Eti kwa bei ya Nyangumi moja tunapata Radi mbili. Wakampigia makofi! Mwenyekiti wetu, Bi Tatu, kasema zishindanishwe Alhamisi, na mwenye redio bora atakuwa Mkuu wa Mawasiliano. Mkuu! Nimeshajiita hivyo mbele ya kioo. Inapendeza.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepita ofisini kukagua. Radi zilikuwa kwenye chaji. Nimechomoa chaja. Dhamiri imetulia: umeme wa kikundi nimeuokoa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ushindi! Kamati ilibaki kijijini na redio moja ya kila aina. Mimi na shemeji Zuberi tukashuka bondeni na wenzake: Radi moja, Nyangumi moja. Radi ikakoroma kidogo, ikazima. Maskini! Nyangumi? Bi Tatu alisikika kama yuko ubavuni pangu. Nikaketi chini ya mkorosho kupumzika, nikamsimulia Zuberi yote: chaja, kioo, na kwamba Bi Tatu ukimwonyesha kengele ya baiskeli ukamwambia ni redio, atanunua. Tulicheka mpaka machozi.

Nikainuka. Kumbe nilikuwa nimeikalia Nyangumi. Kwenye kitufe cha kuongelea.

Papo hapo ikasema, kwa sauti ya Bi Tatu: “Mustafa, tumekupata vizuri sana. Endelea.”

Ijumaa, 11 Oktoba
Kikao baada ya swala. Radi imechajiwa, imejaribiwa upya, haikuvuka hata ghala la korosho. Gaudensi mwenyewe kakiri: rahisi isiyofika ni hasara. Nyangumi je? Wajumbe wote wameapa hawakupoteza neno langu hata moja. Hata kicheko cha Zuberi kilifika! Kamati imenunua Nyangumi. Nani aliyekuwa sahihi? Mimi!

Ukuu kapewa Gaudensi. Mimi nimepangiwa bondeni, bila redio. Nimepewa filimbi ya plastiki.

Filimbi! Ya chuma inasikika mbali zaidi, hilo halina ubishi. Nitaomba zishindanishwe. Gaudensi anayo moja ya chuma, ya shuleni, na msumari anaoitundikia naujua.