Hatua ya Nne ya Heshima, Ziwani Gáranas

Kwa furaha na taadhima kubwa, Ofisi ya Mawasiliano ya Heshima baina ya Sayansi na Wasami inautangazia umma kwamba mkutano wake wa Ziwa Gáranas ulifana kupita matarajio. Aliyelowa ni mtu mmoja tu.

Mimi ni Heaika, Mratibu Mkuu wa Unyenyekevu katika ofisi hiyo, na pia mtoto wa ukoo wa Kisami wa wafugaji wa kulungu wa theluji hapohapo ziwani, kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwa hiyo nikisema nimesema. Wenye wivu wanadai nilipewa cheo kwa sababu vazi langu la bluu linapendeza kwenye picha. Waseme tu. Kiti ninacho, na kinazunguka.

Suala lenyewe lilikuwa dogo. Kila mwisho wa baridi shangazi yangu Ravdna huvusha kulungu wake juu ya ziwa lililoganda, wakazalie ng'ambo. Lakini safari hii wenye bwawa la umeme walikuwa wamefungulia maji mengi. Maji yakishuka, barafu hubaki juu inaning'inia, chini patupu, na kwa macho huoni kitu. Wataalamu wetu walishapita na mitambo yao, wakajua barabara palipo patupu na palipo imara. Shangazi alikuwa na majike wenye mimba tele, jua limeanza kuuma, na alitaka kujua jambo moja tu: apitie wapi.

Jibu tulikuwa nalo. Lakini kulitoa hivihivi, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa? Enzi hizo zimepita! Siku hizi kuna Hatua Nne za Heshima: Kutambua, Kusikiliza, Kuandaa Mazingira ya Kuelewa, ndipo Kuarifu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Halvdan Tveitan, alikuja mwenyewe kutoka kusini, amevaa vazi la Kisami jipya kabisa, na mkanda wenye vifungo vya duara. Kwetu vifungo vya duara ni vya kapera. Aliyeoa huvaa vya mraba. Bwana Tveitan ana mke na watoto watatu. Niliona, nikanyamaza, maana mwongozo wetu haukusema lolote kuhusu mikanda.

Hemani kwa shangazi, kwa desturi yetu, kahawa ikamiminwa juu ya vipande vya jibini. Mkurugenzi akasimama, akagonga kichwa kwenye nyama iliyotundikwa ikauke, akaanza Hatua ya Kwanza.

"Tunatambua kuwa ninyi ndio wenyeji wa ardhi hii tangu—"

"Tunajua," akasema shangazi. "Barafu ya upande wa magharibi, chini ni patupu au si patupu?"

"Swali zuri mno. Tunaliheshimu."

"Basi liheshimu kwa kulijibu."

"Tutafika huko, mama. Sasa ni Hatua ya Pili. Tunawasikiliza."

Shangazi akamtazama. Baba mdogo Lemet naye akamtazama. Hakuna aliyefungua mdomo; walishauliza. Mkurugenzi akausikiliza ule ukimya huku akiitikia kwa kichwa, macho yamelegea kwa huruma, mpaka kahawa ikapoa. Nikaandika: "Jamii imefunguka."

Lemet akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Huyu mchumba mmemleta kwa nani?"

"Mimi simtaki," akasema shangazi. "Mtu akiulizwa hajibu."

Tulipotoka alinikamata ukosi. "Heaika. Wewe unajua?"

"Najua, shangazi."

"Sema basi."

"Shangazi, hamjaingia hata Hatua ya Tatu. Kuna bango linakuja, lina kulungu anatabasamu. Hatua ya Nne tumeipanga baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka! Majike wangu wazae njiani? Mimi kesho alfajiri nakanyaga hilo ziwa, nibahatishe tu. Nimekufuta kamasi mimi, Heaika! Kulungu wangu wakizama, nitawalisha watoto hilo bango?"

Kusema kweli uso wake sikuweza kuutazama. Lakini ofisa haongozwi na shangazi.

Wakati huo Mkurugenzi alikuwa ameshapanda pikipiki ya theluji. Alitaka picha akiwa katikati ya ziwa, milima nyuma yake, na mwanga mzuri ulikuwa upande wa magharibi. Msomaji atauliza mbona sikumwonya. Mkurugenzi husoma muhtasari tu, na muhtasari ulikuwa haujaandikwa. Kwa taratibu zetu, naye alikuwa bado yuko Hatua ya Pili. Kumwarifu mtu ambaye hajaandaliwa kuelewa ni kumvunjia heshima.

Barafu ikalia kwaa! Mkurugenzi akatoweka na pikipiki yake.

Tulimkuta amesimama shimoni, maji yamemfika kiunoni, kofia bado kichwani. Shangazi akasimama mbali, akazungusha kamba ya kunasia kulungu, akairusha. Ikamkaa sawasawa kwapani. Hakuvuta.

"Vuta, mama! Vuta!"

"Tutafika huko," akasema shangazi. "Kwanza tunatambua kuwa wewe ndiye mwenyeji wa shimo hili. Kabla yako hapakuwa na mtu."

Lemet akavua kofia.

"Nakufa na baridi!"

"Tunakusikiliza, mwanangu. Endelea, funguka."

"Halafu dada," akasema Lemet, "huyu kwa mkanda wake bado hajaoa. Tutamvutaje mtoto wa watu bila wazazi wake kuwepo?"

"Nimeoa! Nina watoto watatu!"

"Haya, makubwa! Na mkewe anajua kuwa anavaa hivi?"

Mkurugenzi akanigeukia, meno yakigongana. "Heaika! Waambie! Waambie kila kitu!"

"Bwana Mkurugenzi, bango la Hatua ya Tatu bado—"

"WAAMBIE!"

Nikawaambia. Magharibi kote patupu. Kwenye rasi ya kaskazini barafu imelala juu ya mwamba, pitieni hapo. Nilimaliza kwa pumzi moja. Shangazi akasubiri, akidhani kuna zaidi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, shangazi."

"Na hayo ndiyo mliyoyajengea ofisi?"

Wakavuta.

Alfajiri yake kulungu walipita kwenye rasi, wote, matumbo yakiyumba, na hakuna hata mmoja aliyelowa kwato. Ripoti yetu ilieleza kuwa mawasiliano yalikuwa ya pande mbili, na kwamba uongozi ulishiriki kwa mwili wake wote. Bango nalo likafika. Shangazi amelifunikia kuni.

Tangu hapo, kila baridi ikikaribia kwisha, shangazi hupiga simu ofisini na kuomba, kwa heshima zote, Mkurugenzi aje awatangulie kulungu kwa miguu. Hajawahi kumaliza ombi lake. Bwana Tveitan siku hizi huwa ameshavisoma vipimo vyote mwenyewe, na hupokea kabla simu haijalia vizuri: "Mashariki, mama! Mwaka huu pitieni mashariki! Mimi siji!"